Vifaa vya ngono kwa wanaume: maswali ya anayeanza

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa Dar es Salaam miaka ya kutosha kumtambua mteja mwenye jambo. Ananunua panadol, analipa, anaaga, kisha anarudi. Anamsubiri mama mwenye mtoto atoke, ndipo anainama: "Dokta, samahani, kuna kitu nataka kuuliza. Si changu, ni cha rafiki yangu."

Huyo rafiki ana maswali mengi, na kwa miaka yote hii ameuliza yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Mimi si daktari, ingawa kila anayeuza dawa huitwa hivyo. Na ukurasa huu ni wa waliotimiza miaka 18.

## Mwanzo kabisa

1. Vifaa vya ngono vya kiume ni vitu gani hasa?

Ni vitu vilivyotengenezwa kusisimua uume, korodani, msamba au tezi dume, ukiwa peke yako au na mwenzi wako. Mtaani huitwa midoli, ingawa vingi havifanani na mdoli hata kidogo.

Kwa anayeanza kuna makundi matano ya kujua. Kuna ala, yaani kifuko laini kinachovikwa uume. Kuna vitetemeshi, pete za uume, pampu, na vifaa vya njia ya nyuma. Midoli ya ukubwa wa mtu ipo pia, lakini ina uzito wa kilo nyingi, ni kazi kuiosha na ni kazi zaidi kuificha. Si mahali pa kuanzia.

Biashara yenyewe si ya jana. Steve Shubin, aliyewahi kuwa polisi Los Angeles, alipata hataza ya Marekani mwaka 1998 kwa ala iliyofichwa ndani ya umbo la tochi, ndiyo Fleshlight. Mwaka 2005 Koichi Matsumoto akaanzisha Tenga kule Japani, akauza vikombe vya kutumia mara moja na kutupa, visivyo na picha ya mwanamke wala umbo la kiungo chochote. Ukiviona mezani utadhani ni dawa ya nywele.

2. Mtu mwenye mke au mpenzi ana haja gani navyo?

Sababu ni nyingi. Wengine wake zao wako mbali, wengine wake zao wamejifungua juzi, wengine wanataka kujifunza kuchelewa kufika kileleni (swali la 17), na wengine wanataka tu raha, ambayo nayo ni sababu halali. Ila kama unakitafuta kwa kuwa uume hausimami kabisa, soma kwanza swali la 16.

3. Je, vinamaliza nguvu za kiume, kukausha mbegu au kuleta utasa?

Hapana. Punyeto, kwa mkono au kwa kifaa, haikaushi mbegu. Korodani hutengeneza mbegu kila siku ya Mungu. Wengi wanaokuambia punyeto imekuharibu mishipa wana chupa ya dawa ya kuirudisha, na chupa hiyo ina bei.

Lipo jambo moja la kweli ndani ya uvumi huo. Mtu aliyezoea kujibana kwa nguvu na kwa kasi, miaka nenda miaka rudi, anaweza kujikuta uke haumtoshi kumfikisha. Mwili umezoeshwa mguso mmoja tu. Dawa yake ni kupumzika wiki kadhaa na kurudi kwa mguso mwepesi wenye kilainishi. Ala laini husaidia hapo kuliko kiganja, kwa sababu haiwezi kubana kama ngumi. Ala yenye mkazo mkubwa au mtetemo mkali itakurudisha ulikotoka.

4. Dini inasemaje?

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, kujichua peke yako ni haramu, na hoja hutolewa kwenye Surat al-Muminun, aya ya 5 hadi 7. Baadhi ya wanazuoni wa Hanbali wameruhusu kwa anayeogopa kuanguka kwenye zinaa. Kanisa Katoliki linaihesabu punyeto kuwa dhambi. Mume na mke kutumia kifaa pamoja ni swali jingine, na wanaolijibu hawajibu jibu moja. Muulize sheikh au padri unayemwamini. Mimi nauza dawa.

## Kuchagua

5. Nianze na kipi?

Anza na ala ndogo, laini, iliyo wazi pande zote mbili. Ni rahisi kuosha, haina betri, na usipoipenda hujapoteza pesa nyingi. Vikombe au mayai (ala ndogo zenye umbo la yai) ya kutumia mara moja pia yanafaa kama unataka kuonja tu kabla ya kuamua. Usiinunue kwa urefu wa matumaini. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 uliokusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 ulipata wastani wa sentimita 13.1 urefu na sentimita 11.7 mzunguko, uume ukiwa umesimama. Ala nyingi hutanuka zaidi ya hapo bila shida.

Lakini shilingi ya kwanza, kabla ya kifaa chochote, iende kwenye kilainishi. Nimeona watu wakinunua kifaa cha gharama na kukitumia kwa mate. Mate hukauka dakika moja, ngozi inachubuka, kisha wanakuja kwangu kutafuta dawa ya kupaka. Aliyetahiriwa, na sisi wengi tumepita jando, hana govi la kuteleza, kwa hiyo kwake kilainishi ni lazima.

6. Kifaa kizuri kimetengenezwa kwa nini?

Silikoni halisi ndiyo bora kwa kitu laini, kwa sababu haina vitundu, haihifadhi harufu, na isiyo na mota unaweza kuichemsha. Chuma kisichoshika kutu na kioo kigumu ni salama pia kwa vifaa visivyobana. Ala nyingi za kawaida hutengenezwa kwa mpira laini uitwao TPE. Ni mtamu kwa kugusa, lakini una vitundu vidogo sana ambamo vijidudu hukaa hata ukiosha, kwa hiyo ala ya aina hiyo ni ya mtu mmoja na ina umri wake.

Epuka plastiki ya PVC inayonuka. Mara nyingi harufu hiyo inatoka kwenye vilainisha plastiki ambavyo huwezi kutaka kwenye ngozi nyembamba. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa ala na muuzaji wa mtandaoni iliyoandikwa silikoni. Kufungua boksi, chumba kizima kikanuka kama ndala mpya za sokoni. Baada ya siku tatu juu ya kabati ilikuwa imetoa mafuta hadi karatasi ya chini yake ikawa kama ya maandazi. Silikoni haitoi mafuta hivyo.

Tangu 2021 kuna kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, ISO 3533, kinachohusu usanifu na usalama wake. Ukikuta mtengenezaji anakitaja na kueleza malighafi yake kwa jina, ni dalili njema. "Inafanana na ngozi halisi" si jina la malighafi.

7. Pete ya uume inafanya nini, na ina hatari gani?

Inavaliwa kwenye shina la uume, wakati mwingine nyuma ya korodani, ili damu isirudi upesi. Uume unabaki mgumu zaidi na wengine huchelewa kumaliza.

Sheria ni mbili. Isizidi dakika 30, na usilale nayo. Kwa anayeanza, iwe ya silikoni inayovutika au yenye kishikizo cha kufungua, kamwe isiwe ya chuma. Uume ukivimba ndani ya pete ya chuma, pete haitoki kwa sabuni, na hospitali italazimika kutafuta kifaa cha kukatia chuma. Ukiona ubaridi, ganzi au rangi kubadilika, vua saa hiyohiyo. Mwenye selimundu asiguse pete wala pampu kabla ya kusoma swali la 18.

8. Pampu inakuza uume?

Haikuzi kwa kudumu. Inavuta hewa, damu inajaa, uume unavimba kwa muda, kisha unarudi ulivyokuwa. Matangazo ya "inchi tatu kwa mwezi" yaache yapite.

Pampu yenyewe si utapeli, ila inauzwa kwa uongo. Kazi yake halisi ni tiba. Geddings Osbon, Mmarekani wa Georgia, aliitengeneza kwa shida yake mwenyewe, na mwaka 1982 mamlaka ya dawa ya Marekani ikairuhusu kuuzwa. Madaktari bado huwaandikia wenye kisukari na waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume. Ukinunua, chagua yenye vali ya kupunguza mvuto. Isiyo na vali hiyo inaweza kupasua vishipa vidogo na kukuachia madoa mekundu.

9. Kitetemeshi si cha wanawake?

Mishipa ya fahamu haijui jinsia. Mwanaume hukiweka chini ya kichwa cha uume, pale govi lilipokuwa limeshikana, au kwenye msamba. Hospitali huvitumia vya nguvu maalumu kuwasaidia wanaume waliovunjika uti wa mgongo watoe mbegu za kupata mtoto. Utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa mtetemo wa mizunguko 100 kwa sekunde wenye mwendo wa milimita 2.5 ndio uliofanya kazi vizuri zaidi. Cha nyumbani hakina nguvu hizo wala hakihitaji kuwa nazo.

10. Vifaa vya nyuma: nikitumia nitakuwa shoga?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Tezi dume iko mbele ya utumbo wa haja kubwa, kama sentimita 5 kutoka mlangoni, upande wa kitovu, na ikiguswa vizuri wengi husikia raha. Hilo ni umbile tu. Unayemtamani ni jambo jingine, na kifaa hakibadilishi.

Kama hutaki, ruka. Kama unataka, kumbuka hili kuliko yote: kifaa lazima kiwe na kitako kipana kuliko sehemu inayoingia. Utumbo hauna ukuta wa mwisho kama uke, unavuta kitu kikapanda juu. Chupa, karoti, mpini wa ufagio, vyote hivyo vimeshapigwa eksirei. Kilainishi kingi, kifaa chembamba kama kidole, polepole, na ukisikia maumivu acha. Usipake dawa ya ganzi. Maumivu ndiyo kengele yako, na wewe unaizima.

## Kilainishi

11. Vaseline, mafuta ya nazi, sabuni: kipi kinafaa?

Sabuni haifai kabisa, inaunguza mrija wa mkojo. Vaseline na mafuta ya watoto yanaozesha kondomu za mpira na kuharibu ala za TPE. Mafuta ya nazi ni mpole kwa ngozi na silikoni inayavumilia, lakini kwa kondomu na TPE ni yaleyale.

Kilainishi cha maji ndicho kinachopatana na kila kitu, na maduka mengi ya dawa kipo: ukiona aibu sema "KY", hakuna atakayeshangaa. Kikianza kukauka, ongeza matone ya maji badala ya kuongeza kilainishi. Kilainishi cha silikoni kinateleza muda mrefu, ila usikipake kwenye kifaa cha silikoni, kinaweza kukiharibu sura hadi kinate.

Kwa matumizi ya nyuma, soma lebo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2012 kwamba uzito wa myeyusho usizidi 1,200 kwa kipimo cha osmolaliti (mOsm/kg), kwa sababu vizito kupita hapo hunyonya maji kwenye ngozi laini ya ndani na kuichubua. Vile vyenye ladha ya stroberi na vya "joto" mara nyingi ndivyo vizito.

## Usafi na kutunza

12. Kinaoshwaje?

Mara tu baada ya kutumia, si kesho. Ala igeuze ndani nje kama soksi, isugue kwa vidole, maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, isuuze mpaka isiteleze. Ikung'ute, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, iache mahali penye hewa mpaka ikauke *ndani*. Kwa unyevu wa Dar au Mombasa hiyo ni usiku mzima. Ukiifungia na maji kwenye boksi, baada ya wiki utakuta madoa meusi ya ukungu, na hapo hakuna kuosha tena, ni kutupa.

Ala ya TPE ikikauka hunata. Inyunyizie wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kutengenezea kastadi. Si sembe. Mteja mmoja alitumia sembe.

Cha mota usikichemshe. Kama kimeandikwa IPX7 kinavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, lakini hakikisha kifuniko cha chaji kimefungwa.

13. Naweza kumwazima rafiki?

Hapana. Kisonono, klamidia na virusi vya papiloma vinapita kwenye kifaa, na virusi vya homa ya ini B huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Mkishirikiana na mwenzi, vika kifaa kondomu na uibadilishe kila mnapobadilishana, na kila kinapotoka nyuma kwenda mbele.

## Kununua na sheria

14. Ni halali kuwa navyo?

Hapa uwe na akili ya mtu mzima. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, jedwali la pili, inaweka vitu vya aibu na vichafu kwenye orodha ya bidhaa zisizoruhusiwa kuingizwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 175, na ya Kenya, kifungu cha 181, zinakataza biashara ya vitu vichafu. Hakuna iliyotaja vifaa hivi kwa jina, kwa hiyo tafsiri inabaki kwa ofisa aliye mbele yako. Ndiyo maana Nairobi utakuta vinatangazwa mtandaoni mchana kweupe, na bado kifurushi chako kinaweza kuzuiwa uwanja wa ndege.

Ndugu mlioko Oman na Ghuba: msibebe kwenye begi.

15. Nitaepukaje kutapeliwa?

Usitume pesa yote kabla ya kuona mzigo. Niliwahi kutuma kwa simu, muuzaji akajibu "sawa bosi", kisha picha yake ya wasifu ikatoweka. Ungemshtaki wapi, na ungesema umenunua nini? Wanajua hilo. Dai kulipa ukipokea, omba picha ya maandishi ya boksi, na ukumbuke swali la 6 kuhusu harufu. Bidhaa inayodai kukuza uume, kutibu kisukari na kurudisha mpenzi iache hapohapo.

## Afya na mwenzi

16. Uume hausimami. Kifaa gani kitanisaidia?

Anza zahanati, si dukani. Kushindwa kusimama kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa mishipa ya moyo, wakati mwingine miaka kabla ya dalili nyingine. Pima sukari na presha. Baadaye pampu (swali la 8) inaweza kuwa sehemu ya tiba.

17. Kinaweza kunifundisha kuchelewa?

Ndiyo, na hii kwangu ndiyo faida kubwa kuliko zote. Daktari James Semans alieleza mwaka 1956 njia ya kuanza na kusimama: unasisimuliwa mpaka ukaribie, unaacha kabisa mpaka hamu ishuke, unaanza tena. Mara tatu, ya nne unajiachia. Alifundisha kwa mkono wa mke. Ala yenye kilainishi inakaribia hali halisi zaidi ya kiganja kikavu. Fanya bila haraka, bila video, ukisikiliza mwili. Msichana wa pwani ana somo wake anayemfunda mpaka namna ya kupumua. Mvulana akitoka jando anaambiwa sasa wewe mwanaume, basi. Mengine anajitafutia.

18. Nani asitumie?

Mwenye selimundu akae mbali na pete na pampu mpaka azungumze na daktari wake, kwa sababu uume wake unaweza kusimama na kukataa kushuka. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na wengi wao sasa ni watu wazima, kwa hiyo silisemi kwa kujaza ukurasa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye aulize kwanza. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia aangalie kwa macho, maana ngozi haitamwambia.

Kwa yeyote: uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila hamu ni dharura. Nenda hospitali usiku huohuo.

19. Nimwambieje mke wangu?

Usimshtukize kitandani. Mteja wangu mmoja alifanya hivyo, mkewe akadhani kuna mwanamke mwingine nyumba ya pili anayemfundisha. Mwambie mchana, mkiwa na chai, kwa maneno ya kawaida: "Mama Zawadi, nimesoma kuhusu kitu fulani, nataka tukitazame pamoja." Akikataa, amekataa. Akikubali, anza na pete yenye mtetemo, kwa kuwa nayo inamgusa yeye zaidi kuliko wewe.

20. Kitu kimepanda ndani na hakitoki.

Usikifuate kwa koleo wala kijiko. Usinywe dawa ya kuharisha. Keti, tulia, jaribu mara moja kwenda haja kama kawaida. Kisipotoka, au ukiona damu, tumbo likakaza au homa ikapanda, nenda hospitali na useme kweli ni nini na cha ukubwa gani. Daktari akijua anachokitafuta kazi inakuwa fupi.

21. Kikichoka natupaje?

Toa betri kama inatoka, iweke pembeni. Yenye lithiamu usiichome, inalipuka. Kilichobaki kikate vipande kwa mkasi, kifunge kwenye gazeti, kisha kiroba. Rambo nyeusi iliyokuwa ikificha kila kitu ilipigwa marufuku Juni 2019, na waokota chupa wa mtaani kwetu hufungua kila mfuko.